Tundu la Sita kwenye Filimbi ya Soja

Jina lake ninalo, ila yeye mwenyewe hakupenda litumike, basi nitamwita kama tulivyomwita sote pale Al-Suwaidi, mtaa wa Riyadh: Soja. Kwetu Kenya kila mlinda geti ni soja, hata kama hajawahi kushika manati. Huyu wetu silaha yake ilikuwa rungu la mpira alilolitumia kuwasogeza paka wa mtaa waingie kivulini. Tulifanya kazi nyumba moja kwa miaka sita, yeye getini na mimi kwenye usukani, na vyumba vyetu vya nyuma vilitenganishwa na ukuta wa jasi, mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake anamtakia afya.

Watu walimwogopa kabla ya kumzoea, na wengine hawakumzoea kamwe. Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye uso wa mtu anayesubiri umalize uongo wako. Alipenda kusema kwamba geti halina undugu, na hakuwa anatania. Siku moja mpwa wa bosi wetu, ambaye sote tulimwita baba, alikuja na gari jipya bila kupiga simu. Soja alimwacha nje kwenye jua la saa nane mpaka baba alipotoka mwenyewe na kanzu ya kulalia kuja kumfungulia. Baba alimfokea mbele yetu sote, nikajua kazi imekwisha. Mwezi uliofuata, nikiwa naendesha, nikamsikia baba yuleyule akijisifu kwa rafiki yake kwamba ana mlinzi asiyemjali hata mpwa wake. Mimi nami nikichelewa kurudisha gari, Soja haniangalii usoni, anaangalia saa yake. Kisha anasema, "Hiyo gari si ndege, dereva," hata kama nimechelewa kwa kwenda polepole.

Lakini mtu huyohuyo alipiga pasi sare yake kila jioni, na akikuta shati langu kwenye kamba alilipiga pasi pia, akalitundika mlangoni kwangu bila neno. Ukimshukuru alikasirika. Paka mmoja aliyevunjika mguu alimfunga kwa vijiti viwili vya aiskrimu na kitambaa, na kwa wiki mbili alikula nusu ya samaki wake, nusu ya pili ikaenda kwa mgonjwa. Nilipomwuliza kama na paka naye hana undugu na geti, alinijibu kwamba paka hakuingia kwa geti, aliruka ukuta.

Kitu kimoja hakukitaka kabisa, nacho ni habari za nyumba nyingine. Nyumba ya jirani, ya upande wa kulia, ilikuwa na msichana wa kazi Mkenya ambaye hatukuwahi kumwona vizuri. Nikiosha magari nilisikia akifokewa jikoni, na mara nyingine nilimsikia akilia peke yake na maji yakitiririka. Nilimwendea Soja, nikamwambia kwamba huyu ni wa kwetu, tufanye kitu. Hakuinua hata kichwa. Alisema mambo ya jikoni kwa watu ni ya jikoni kwa watu, na sisi tulipewa geti moja tu. Nilikasirika sana. Kwa siku kadhaa nilikataa chai yake, na nikajisemea kwamba nchi hii imemkausha kama dagaa. Niliamini hivyo kwa muda mrefu, na niliwaambia wengine pia.

Alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa chekechea huko Bungoma. Kila Ijumaa baada ya chai alimrekodia ujumbe wa sauti kwenye simu. Hakuutuma hivihivi. Aliusikiliza kwanza, na akijisikia amekohoa, au sauti imechoka, aliufuta akaanza upya. Kupitia ule ukuta wetu nilizisikia salamu zilezile mara nne, mara tano, kila mara kwa uchangamfu mpya. Nilimtania kwamba angefaa kuwa mtangazaji wa redio. Akanijibu kwa ukali kidogo, "Mtoto hatumiwi kikohozi, dereva." Nilicheka. Leo najuta kucheka, kwa sababu tabia hiyo ndiyo iliyokuja kutunyima habari zake.

Sasa filimbi. Mwanzoni alikuwa na kifilimbi cha plastiki chenye sauti kali, na madam, mke wa baba, hakukipenda. Baba alikuja hadi getini akasema maneno mawili, "Mafi musiki," yaani hakuna muziki, na kesi ikaishia hapo. Soja hakubishana. Lakini ng'ambo ya barabara alikuwa akipanga injinia mmoja Mzungu aliyekuwa na filimbi ndefu ya chuma, yenye sauti nzito kama mtu anayejisemea chumba cha pili. Soja aliiazima alasiri moja. Hakuwa na futi, basi aliipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole na nusu shubiri juu yake, akachora alama kwa kalamu ukutani. Siku hiyo ndipo ufundi ulipoanza.

Mabomba aliyatoa kwenye banda la magari lililoangushwa na upepo, yale membamba ya alumini. Kizibo cha kinywani, kile kinachobana pumzi ipite kwenye upenyo mwembamba, alikichonga kutoka ubao wa plastiki wa kukatia nyama ambao madam aliutupa, akakizungushia utepe mweupe wa mafundi bomba. Nje alisugua kwa steelwaya ya kusugulia sufuria mpaka bomba likang'aa. Katika miaka yote sidhani kama aliziacha hai zaidi ya nne. Nyingine zote alizipuliza mara moja, akasikiliza, kisha akaziweka gotini na kuzikunja. "Hii inadanganya," alikuwa akisema. Nilimwuliza bomba linadanganyaje. Alisema utaisikia inakubaliana na wewe kabla hujamaliza kupuliza.

Alijivunia jambo moja, kwamba sauti yake haikuvuka ukuta. Alinionyesha ukuta wa upande wa jirani kwa kidole, akasema inaishia pale. Katika hilo alikosea, lakini wala yeye wala mimi hatukujua wakati ule.

Hakuandika chochote juu ya filimbi zake. Mimi ni dereva, na kwangu kitu kisicho na namba hakina mwenyewe. Nilimshauri aikwaruze hata herufi moja kwa msumari. Alikataa. Alisema ukiandika jina wanamtafuta mwenye jina, na yeye hakuja huku kutafutwa. Nilipomkazania akaongeza kwamba anayemjua ataijua.

Na ni kweli ulihitaji kumjua. Geti letu la umeme lilimkata pingili moja ya kidole cha pete, mkono wa kulia, mwaka wake wa kwanza pale. Kidole hicho ndicho kinachofunika tundu la sita, la chini kabisa. Kwa kuwa kilikuwa kifupi, alilitoboa tundu hilo juu kidogo na pembeni, upande wa kiganja, kisha akalifanya dogo kuliko mengine ili sauti isipande. Ukiishika filimbi yake mbele ya macho, matundu matano yako kwenye mstari na la sita limekwenda upande, kama jicho la mwenye makengeza. Hakuna fundi duniani ambaye angetoboa hivyo kwa hiari yake. Nilikuwa nikimtania kwamba hiyo ndiyo saini yake, na yeye alikuwa akiniambia niende nikaoshe gari.

Aliondoka Ijumaa moja asubuhi. Niliikuta sare yake imekunjwa kitandani, imepigwa pasi, funguo za geti juu yake. Filimbi haikuwepo. Simu yake ilikuwa imezimwa, na iliendelea kuzimwa. Baba alingoja siku tatu, jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalifanyi, kisha akaripoti kwamba mlinzi ametoroka. Tangu hapo ikama yake, kile kibali cha kuishi, haikuwa na kazi tena, na yeye akawa mtu wa kujificha. Nilihisi nimetukanwa. Miaka sita ya chafya kupitia ukuta mmoja, na mtu haagi.

Binti yake aliipata namba yangu kwa njia ya Wakenya wenzetu, akawa ananipigia. Ananiita anko. Mwanzoni alipiga kila wiki, baadaye kila mwezi, na swali lilikuwa lilelile, kama nimesikia chochote. Miaka miwili sikuwa na cha kumjibu. Kule nyumbani kwao wazee walianza kuchoka kungoja. Kwao, mtu akipotea mbali na mwili usipopatikana, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake na kuzikwa mahali pake, ili watu walie mara moja na nyumba ipumzike. Baba zake wadogo walitaka hivyo. Binti alikataa mara mbili. Aliniambia, "Baba si mgomba, anko. Wakizika huo mgomba, hata akirudi kesho, kwao amekufa." Mara ya tatu wazee hawakumwuliza. Walipanga Jumamosi ya likizo ya shule, wakamtumia ujumbe tu.

Juma hilohilo mimi nilikuwa Jeddah. Baba, yaani bosi, huipeleka familia huko kila likizo, na mimi huendesha kutwa nzima watoto wakigombania dirisha. Alhamisi alasiri madam alikuwa na ndugu zake, nikaenda mtaa wa Ghulail kunyolewa. Karibu na kinyozi kuna duka la mzee mmoja wa Chadi anayeuza redio zilizotumika, blenda, masanduku ya safari. Pale mlangoni, kwenye kamba moja na chaja za simu, ilikuwa inaning'inia filimbi ndefu ya bomba.

Niliishusha. Haikuwa na jina, wala herufi, wala alama yoyote. Niliipima kwa mkono wangu, kiwiko hadi vidole na nusu shubiri. Nilichungulia kinywani, nikaona plastiki ya ubao wa jikoni na utepe wa mafundi bomba. Kisha nikaigeuza, na tundu la sita lilikuwa limekwenda upande, dogo kuliko mengine. Nililia pale dukani, sioni haya kusema. Na kilichonimaliza kabisa ni kwamba ule utepe ulikuwa bado mweupe pe, na bomba bado lina ukali wa msumeno mwishoni. Kazi hii haikuwa ya miaka miwili iliyopita. Ilikuwa ya mwezi ule.

Niliilipia. Mzee wa Chadi alisema zinaletwa na Mkenya wa mtaa wa Bani Malik, akanielekeza jengo lenye dobi chini, gorofa ya tatu. Simu ya madam ilikuwa imeshaanza kuita, nikajua siwezi kwenda siku hiyo. Ningeweza kungoja. Nasema tena, ningeweza kungoja. Lakini kulikuwa na Jumamosi mbele, na mimi nilikuwa na uhakika wa mtu aliyeona namba ya gari anayoijua. Nikiwa kwenye maegesho niliipiga picha ile filimbi, ile sehemu ya tundu la sita, nikamtumia binti, nikaandika: Baba yako yu hai. Hii ni kazi ya mkono wake, ya juzijuzi tu. Kesho namwona.

Alinijibu kwa sauti, lakini hakukuwa na maneno ndani yake, ni kilio tu.

Ijumaa baada ya sala nilikuwa Bani Malik. Mlango ulifunguliwa nusu, mnyororo ukiwa bado umefungwa, na mwanamke wa kama miaka thelathini akanitazama. Niliinua filimbi. Aliangalia filimbi, akaniangalia mimi, akaniuliza kama mimi ndiye dereva. Basi nikajua nimefika, na niliingia nikitabasamu kama bwege.

Kilikuwa chumba kimoja, magodoro mawili, jiko la gesi. Kwenye meza ndogo kulikuwa na vipande vya bomba, msumeno, ubao wa kukatia nyama uliokwisha kuliwa nusu. Niliita jina la Soja, lile ambalo hakulipenda, nikidhani yuko bafuni. Mwanamke akaketi. Niliona mikono yake ina vumbi la alumini kwenye kucha, vidole vyote kumi vizima.

Nilimwuliza nani anazitengeneza. Akasema ni yeye.

Alikuwa ndiye yule msichana wa jikoni kwa jirani. Alinieleza kwamba kila jioni aliosha vyombo akiisikia ile filimbi juu ya ukuta, asijue ni ya nani, na kwamba ndiyo iliyomfanya afike asubuhi. Siku moja walikutana na Soja kwenye mapipa ya taka. Msichana alimwambia kwa Kiswahili kwamba mwaka wa pili hajaruhusiwa kupiga simu kwao na kwamba anapigwa. Soja aligeuka akarudi getini. Msichana akajua ameomba mtu mbaya. Wiki ileile, Ijumaa asubuhi, akamkuta Soja palepale kwenye mapipa, amevaa shati la nyumbani, ana tiketi mbili za basi la Jeddah.

Nilimwuliza, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza, kama walikuwa wanapendana. Hakukasirika. Alisema yeye alimwita Soja baba na Soja akamwita mtoto, na Soja alimlaza kwenye godoro la dirishani kwa sababu ndilo zuri. Nilikumbuka ile chai yake niliyoikataa kwa hasira, nikaona aibu ambayo haijanitoka mpaka leo.

Soja alikuwa na ugonjwa wa sukari. Riyadh dawa alizipata kwa ikama, na Jeddah ikama haikuwepo. Kidonda kilianza kwenye kisigino, kikapanda. Mikono ilipoanza kutetemeka, alimfundisha msichana kukata bomba, yeye akiwa amelala na kuelekeza. Kielelezo kilikuwa filimbi yake mwenyewe, na msichana aliinakili kama ilivyo, tundu la sita na yote. Soja alimwambia asogeze lile tundu, kwamba vidole vyake ni vizima na hana haja nalo. Alikataa. Alinionyesha jinsi anavyoipuliza, kidole cha pete kimekunjwa kwa shida kukifikia kile kitundu, na akasema akilisogeza haitakuwa ya Soja tena.

Kuhusu binti, alisema kila Ijumaa Soja alijaribu. Alichukua simu, akarekodi, akasikiliza, akafuta. Alisema angoje sauti yake irudi, ndipo atamtumia. Haikurudi. Sasa ilikuwa mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu afe. Simu yake aliifunga kwa mchoro ambao hakumfundisha mtu, na laini ilikuwa mpya, hakuna aliyeijua namba. Msichana alikuwa bado anaichaji kila siku, huenda mtu akapiga.

Nilimwuliza amezikwa wapi. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa.

"Nikimpeleka, walinisimamisha kwa mlango ya hospitali wakauliza yeye ni nani," alisema. "Niliogopa, kaka. Yeye hana ikama, mimi sina ikama, na kule Riyadh anatafutwa kwa jina yake. Nikawapea jina ya kaka yangu."

Kwa hiyo alifia mle ndani kwa jina la mtu mwingine, mtu aliye mzima huko Kitui na hajui. Msichana hakuthubutu kurudi. Baada ya siku nyingi aliomba mtu mwenye Kiarabu apige simu, wakaambiwa kwamba huyo mtu alikosa wa kumdai, halas, yamekwisha, ameshazikwa na wengine wasio na watu. Hakuna aliyejua safu gani. Sikumlaumu. Nilitaka kumlaumu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia binti wa watu kwamba baba yake yu hai, nikiwa na kipande cha bomba mkononi.

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za lile jengo, mvuke wa dobi ukipanda kutoka chini. Jua lilikuwa bado kali. Nilikaa pale muda mrefu nikitafuta namna ya kuanza, kama alivyokuwa akitafuta Soja, nikaona hakuna, nikampigia binti.

Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi, sufuria, wanawake wakicheka. Hakuningoja niseme. Alisema Mungu anibariki, kwamba aliionyesha ile picha kwa baba zake wadogo mmoja mmoja, na aliyebisha alimwekea kidole kwenye lile tundu mpaka akanyamaza.

"Walikuwa wameshachimba shimo, anko," alisema. "Nimelifukia mimi mwenyewe na jembe, hao wote wakiniangalia. Mgomba tumewapea ng'ombe. Hebu nipe baba nimsalimie."

Nilisema sina wa kumpa. Aliuliza nimesema nini, kwamba kuna kelele. Nikamsikia akiwaambia wanyamaze, na wakanyamaza wote, ua mzima, wakisubiri kusikia sauti yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "lichimbeni tena."